Mama Lakiri na Kokoto za Mgodi wa Saba

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Lakiri atafunga stoo ya sampuli kwa mara ya mwisho. Atalivuta kufuli mara tatu, ataondoka hatua nne, kisha atarudi kulivuta tena. Naomba mtu asicheke. Amefanya hivyo kwa miaka thelathini na minne ya utumishi, na katika miaka hiyo yote stoo yake haijapoteza hata chupa moja. Ofisi ya mkurugenzi peke yake imepoteza feni mbili, saa ya ukutani na kiti chenye magurudumu.

Kwa wasomaji wa jarida hili walio kwenye matawi ya mbali, wanaomjua kwa sahihi yake tu, yeye ndiye mtunza sampuli wetu. Ofisi hii kazi yake ni kuzifuata kampuni zilizochimba, zikachuma, zikaondoka na kuacha mashimo, ili zilipie gharama za kusafisha zilichokiacha. Kesi nyingi hazifiki kwa hakimu. Huishia kwenye meza ndefu, pande mbili zimekaa, zinavutana juu ya hati ya suluhu: nani atafukia, nani atasafisha maji, kwa miaka mingapi, na baada ya hapo nani hataguswa tena. Kwenye meza hiyo kila upande una mtaalamu wake na kila mtaalamu ana maneno yake. Kitu pekee kisichobishana ni chupa ya maji iliyochotwa mgodini. Na chupa hizo, tangu zinapoingia mlangoni hadi siku zinapoitwa mezani, hukaa kwa Mama Lakiri.

Jina alibandikwa na madereva. Lakiri ni ile nta nyekundu inayoyeyushwa kwenye moto wa mshumaa na kukandamizwa muhuri juu yake, ili mtu akifungua ajulikane. Ofisi nyingine zimeiacha zamani. Yeye huipaka kwenye shingo ya kila chupa, kwenye bahasha, kwenye mlango wa kabati, na mwaka mmoja aliipaka hata kwenye kopo la sukari la chumba cha chai, baada ya sukari kupungua bila maelezo. Aliyekuwa akiimaliza aliacha siku hiyo hiyo. Hatumjui ni nani, ila majina tunayo.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi kwenye wasifu wa mstaafu. Kila anayestaafu hapa hupewa cheti cha utumishi. Cha Mama Lakiri kimeshachapwa, nimekiona kwa macho yangu. Juu kuna miaka yake, katikati kuna sifa zake, na chini kabisa kuna mstari mmoja wa herufi ndogo: "Lalamiko moja halijafungwa." Afisa utumishi ameapa si yeye aliyeuweka. Anasema umo kwenye faili tangu miaka kumi na moja iliyopita, ilipokuja barua isiyo na jina ikimtuhumu kuuza siri za ofisi kwa kampuni ya madini. Kwa utaratibu wetu, lalamiko hufungwa kwa njia mbili tu: lithibitike, au alifute aliyelileta. Hili halikuthibitika. Aliyelileta hakujitokeza. Kwa hiyo mwanamke ambaye hajawahi kupoteza hata kizibo ataondoka Ijumaa na doa hilo mkononi, labda kitu kitokee kati ya leo na siku hiyo. Wasomaji wavumilie, tutarudi hapo.

Aliingia akiwa karani, wakati stoo ilikuwa chumba cha chini ya ngazi kinachogawana nafasi na mifagio. Kitabu cha taratibu kilidai chupa mbili kwa kila mahali panapochotwa maji, moja ya maabara yetu na moja ya kampuni. Katika mwaka wake wa pili, kwenye suluhu ya mgodi mmoja mkubwa, wakili wa upande wa pili aliuliza swali dogo tu: kati ya siku chupa ilipotoka mgodini na siku ilipofika maabara, ilikaa kwa nani? Hakuna aliyejua. Ilikuwa imekaa siku mbili kwenye kiti cha nyuma cha gari la ofisi. Madai yakaporomoka, kampuni ikafukia shimo moja kati ya sita na kwenda zake. Mama Lakiri siku hiyo alikuwa ameingia na sinia la chai, akasikia kila neno. Kesho yake alianza kudai chupa ya tatu, ya kukaa kwake, ambayo haiguswi na maabara wala kampuni.

Baada ya chupa ya tatu ikaja lakiri. Baada ya lakiri ikaja penseli, kwa kuwa wino hukimbia ukilowa na penseli haikimbii. Kisha ikaja mizani, ili kila chupa ipimwe inapoingia na ipimwe tena inapotoka. Mumewe ni mwoka mikate, na mizani hiyo ilitoka kwenye meza yake ya kukandia unga. Mama Lakiri alimwambia anaiazima kwa wiki moja. Mzee hupenda kusema kwamba ndoa yao ina miaka arobaini na mizani imeishi naye minane tu. Wateja wake wa miaka ile wanaikumbuka mikate iliyotoka mmoja mnene na mwenzake mwembamba, na kila aliyelalamika alielekezwa aende serikalini.

Nani asiyejua visa vyake? Mkurugenzi wa sasa alipofika kuripoti, aliomba kuingia stoo, akaombwa kitambulisho. Alikuwa amekiacha ghorofa ya tatu. Alipanda kukifuata akashuka nacho, jasho likimtoka, na alipofika akaambiwa saa ya chakula imeanza. Paketi za maziwa za chumba cha chai zina mistari ya penseli ubavuni, na si mapambo. Mwanawe alipooa, inasemekana bibi harusi alihojiwa kwa upole kuhusu mambo matatu ambayo tayari yalikuwa yamejibiwa na shangazi yake, ili majibu yalinganishwe. Mkwe huyo leo ndiye rafiki yake mkubwa, na hata yeye akija na kikapu hukifungua mwenyewe mlangoni kabla hajaombwa.

Halafu kulikuwa na kokoto. Kila mchota sampuli aliyekwenda mgodini aliagizwa arudi na kokoto moja kutoka chini ya maji yale yale aliyochota, akiwa ameifunga kwenye kitambaa chenye namba ya chupa. Bila kokoto, chupa haikupokelewa. Sababu hakuitoa. Alikuwa na kabati zima la vifurushi hivyo, na watu wakaanza kusema. Dereva mmoja aliapa amemsikia akizinong'onezea. Alikuwa akizihesabu, lakini nani angeamini? Mtu anayekaa peke yake na mawe mia nne yaliyofungwa vitambaa hapati majirani wengi wa kumtetea.

Mimi nilifika miaka kumi na minne iliyopita, wakili mpya mwenye suti moja, na siku ya kwanza Mama Lakiri aliniamuru niache mkoba nje ya stoo. Iliniuma. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku, nimesomea na nalipwa kwa hilo, lakini kushukiwa ni kitu kingine. Nikajiambia kwamba mtu anayechunga hivi lazima ana anachokificha. Nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Niligundua ana daftari dogo la kijani, na kila mtu aliyepita karibu na mlango wake aliandikwa humo, saa aliyopita na alichobeba. Nami nikaanza kumwandika huyo anayeandika, kwenye daftari ambalo wenzangu waliliita la vituko.

Tuliendelea hivyo miaka mitatu, hadi jalada la Mgodi wa Saba lilipotua mezani kwangu.

Mgodi wa Saba ni kilima chenye handaki la zamani. Waliolichimba walishakufa au walishauza, na aliyenunua mabaki akanunua na lawama zake. Kwenye mdomo wa handaki hutoka maji ya rangi ya kutu, yanateremka hadi kwenye makazi ya chini. Huko kuna fundi pampu, mtu wa maneno machache, aliyekuja ofisini na fimbo ya chuma ya pampu ameifunga kwenye gunia. Aliifungua juu ya karatasi zangu. Ilikuwa imeliwa, nyembamba katikati kama kipande cha sabuni kilichotumika. "Wakili," aliniambia, "hii nimeifunga mwezi wa pili. Ni ya tatu mwaka huu. Sisi tunakunywa maji yanayokula chuma." Aliniachia fimbo ile. Bado ninayo, iko nyuma ya mlango.

Kampuni ilikubali kuzungumza. Ilikuwa tayari kufukia mashimo, kuweka uzio na kupanda nyasi. Ila kifungu cha tisa cha rasimu yao kilisema kwamba kuhusu maji hawatadaiwa leo wala milele, mradi vipimo vitatu vya mwisho vionyeshe maji ni safi. Vipimo vya miaka mitatu nyuma vyote vilikuwa vibaya. Mtaalamu wao akasema kwa uso mkavu kwamba maji ya migodi hujisafisha yenyewe, na kwamba tusubiri tuone. Wakili wao alikuwa mtu wa heshima nyingi, mwenye kushukuru hata ukimpa kiti. Sikuwahi kumwamini mtu anayesema asante mara nyingi hivyo.

Na kweli kulikuwa na kitu. Kila tulichopanga, alikijua. Jumatatu tulikaa wenyewe, mlango umefungwa, tukakubaliana tudai miaka thelathini ya kusafisha na kupima maji, na tukibanwa sana tushuke hadi kumi. Jumatano wakili wa kampuni akafungua mkutano kwa kusema kwamba wao wangeweza kuvumilia kumi. Mkurugenzi alinigeukia, nikatazama dari. Katikati yetu kulikuwa na mtu anayevujisha.

Nilikaa nikapanga ushahidi. Mama Lakiri ana mpwa wake anayelinda geti la kampuni ile. Mama Lakiri alionekana mchana kweupe, mvua ikinyesha, akishuka kwenye gari la wakili wa kampuni. Mama Lakiri ana daftari la kijani. Mama Lakiri ana mawe. Kichwani mwangu kesi ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni hukumu.

Nikaandika barua kwa herufi kubwa za kuchora, bila jina. Niliisukuma chini ya mlango wa mkurugenzi asubuhi moja kabla watu hawajafika, kisha nikashuka kununua gazeti ili nionekane nikiingia na wenzangu. Ndiyo, wasomaji, barua ile iliyo kwenye faili lake niliiandika mimi. Nimeishi nayo miaka kumi na moja.

Mkurugenzi hakuwa na la kufanya. Akamnyang'anya funguo akampeleka mapokezi, akae pale akigawa vibali vya wageni mpaka uchunguzi uishe. Mama Lakiri alikabidhi funguo mbele yetu, akadai risiti, akashuka ngazi akiwa amebeba mto wa kiti chake, mshumaa na kijiti cha lakiri. Hakumtazama mtu. Niliona aibu kidogo, nikaimeza kwa kujiambia kwamba wezi wote wana heshima wanapokamatwa.

Alikaa mapokezi wiki tano. Katika wiki hizo tano vipimo vya Mgodi wa Saba vilikuja vitatu, na vyote vitatu vilisema maji ni safi. Wakili wa kampuni alishukuru sana. Siku ya kutia sahihi ikapangwa, Alhamisi. Fundi pampu alipigiwa simu aambiwe habari njema, akauliza kama kuna mtu wetu aliyeyaonja.

Jumatano, siku moja kabla, kamati ya uchunguzi ilihitaji orodha ya vitu vya ajabu vilivyokutwa stoo. Nilijitolea mwenyewe. Nilitaka kumpigilia msumari wa mwisho. Nikalifungua kabati la kokoto, nikachukua vifurushi vya mdomo wa handaki la Saba, nikavipanga mezani kwa tarehe ili vipigwe picha. Nikafungua kitambaa kimoja kimoja. Kokoto za mwaka wa kwanza zilikuwa na ganda la kutu, la rangi ya machungwa, lililoniachia unga kwenye vidole. Za mwaka wa pili hivyo hivyo. Za mwaka wa tatu hivyo hivyo. Kisha nikafungua zile tatu za mwisho. Zilikuwa za kijivu, laini, safi kama mayai.

Nilikaa chini. Hata kama maji yangekuwa yamejisafisha kwa wiki tano, ganda lililojijenga kwenye jiwe kwa miaka lisingebanduka kwa wiki tano. Kokoto hizi hazikuwahi kulala kwenye maji ya handaki. Na kama kokoto hazikutoka pale, na maji nayo hayakutoka pale.

Nikamwita mchota sampuli, mtu wa makamo tuliyemwita Chapuchapu kwa sababu hakuna safari iliyomchukua muda. Mwanzo aliruka kimanga. Nilipomwonyesha kokoto akalegea. Alisema dereva wa kampuni alimwambia njia ya handakini imekatwa na mvua, akampakia kwa hisani hadi kwenye chemchemi ya nyuma ya kilima. "Si ni kilima kimoja, bosi? Nikaona ni maji yale yale." Nikamuuliza, sasa kokoto ulileta za nini? Alinishangaa kweli kweli. "Mama si angeikataa chupa?" Mama hakuwa stoo tena, alikuwa mapokezi, na Chapuchapu alimpita kila siku akimsalimia. Lakini mkono wake ulishazoea. Aliweza kudanganya mahali pa kuchotea maji, hakuweza kurudi bila kokoto.

Je, alikuwa mvivu au alikuwa amepewa kitu? Kampuni ilisema baadaye kwamba dereva wao alipotea njia. Sikuamini siku ile na siamini leo.

Nilishuka ngazi na kokoto mbili mkononi, moja ya kutu na moja safi. Mama Lakiri aliziona. Alifungua droo ya mapokezi akatoa bahasha nene yenye lakiri, akaisukuma mbele yangu na kusema nifungue mimi, ili nione mwenyewe kwamba haijaguswa.

Ndani mlikuwa na vibali vya wageni. Vibali vyetu, kama mnavyokumbuka, hukatwa kutoka karatasi zilizotumika upande mmoja. Wazo hilo lilikuwa langu. Jarida hili hili lilinisifu mwaka ule kwa kubana matumizi, na picha yangu ikatoka nikiwa nimebeba boksi la karatasi kupeleka mapokezi. Karatasi hizo zilikuwa rasimu zangu. Wakili wa kampuni, kila alipokuja, alipewa kibali kilichokatwa kutoka kwenye mawazo yangu, akakiweka mfukoni na kushukuru. Mama Lakiri alipofika mapokezi alianza kuwadai wageni warudishe vibali wanapotoka, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, na kila alichorudisha wakili yule, Mama alikiandika tarehe na saa kwa penseli. Nilivigeuza. Nyuma ya kimoja, kipande kingine cha rasimu za Jumatatu ile, kulikuwa na neno "thelathini" na chini yake neno "kumi", na kumi nilikuwa nimeizungushia duara mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Mvujishaji nilikuwa mimi.

Nilivirudisha kwenye bahasha. Kuhusu gari la wakili, alinieleza bila kuulizwa: alipewa lifti siku ya mvua, na njiani akaulizwa kokoto zile ni za kazi gani. Akamjibu kwamba anapambia vyungu vya maua. Ndiyo maana hakuna mtu wa kampuni aliyehangaika nazo. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Nenda kwa mkurugenzi mwenyewe, mwanangu. Ukienda wewe, ni kosa. Nikienda mimi, ni kesi."

Nilienda. Nilikiri rasimu, nilionyesha kokoto, na mkurugenzi aliniambia maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Barua sikuitaja. Nilijiambia nitaitaja kesho, mambo yakitulia.

Alhamisi pande mbili zilikaa. Kalamu zilikuwa zimeshapangwa juu ya hati. Mkurugenzi alitoa kokoto kwenye bahasha akazipanga mezani kwa mstari, tisa za kutu na tatu safi, akaweka vibali vya wageni pembeni yake. Wakili wa kampuni aliziangalia kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza hakusema asante. Kifungu cha tisa kikakatwa. Kilichoandikwa mahali pake kinaitaka kampuni ijenge mabwawa ya kusafishia maji, iyapime kwa miaka thelathini, na kila kipimo kije na chupa tatu na kokoto moja. Ndiyo, kokoto imo ndani ya hati ya suluhu, imetiwa sahihi na pande zote mbili. Tangu hapo imo kwenye kila suluhu ya ofisi hii, na mawakili wapya huniuliza ni sheria ya wapi. Fundi pampu alinipigia mwaka jana. Fimbo aliyofunga miaka sita iliyopita bado ipo.

Jumatatu Mama Lakiri alirudishiwa funguo, akakataa kuzipokea. Alisema kwanza atapima upya kila chupa iliyokuwa nje ya macho yake. Ilimchukua siku tisa, na sisi tulikaa foleni mlangoni na karatasi zetu tukimsubiri. Zote zilitimia uzito isipokuwa moja, iliyopungua gramu mbili, na kuhusu hiyo hadi leo anamshuku mtu wa maabara. Nami namshuku.

Baada ya hapo tulizoeana, kwa namna yake. Nilikuwa nashuka saa nne kunywa chai naye, nikiacha mkoba nje bila kuambiwa. Kopo la sukari aliliacha wazi mbele yangu, heshima ambayo hata mkurugenzi hajaipata, ingawa sina hakika kama hakuwa akihesabu vijiko. Alinifundisha kazi kuliko chuo kilivyonifundisha. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na ile kesho niliyojiahidi haikufika.

Wiki iliyopita mkurugenzi aliniita. Alisema amemuuliza Mama Lakiri angependa nani amwandikie wasifu, akitegemea angemtaja mwenzake wa siku nyingi wa masijala. Akajibu: "Aandike wakili wa chumba cha nne. Yeye alishawahi kuniandika." Mkurugenzi alicheka, akidhani anasema daftari la vituko. Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi.

Kisha nikashuka stoo. Nilimuuliza alijua lini. Alitoa kwenye daftari la kijani karatasi iliyokunjwa, nakala aliyopewa na kamati ajibu tuhuma. Ilikuwa barua yangu. Mbele zilikuwepo herufi zangu kubwa za kuchora. Akaigeuza. Wenye kutoa nakala walikuwa wamenakili pande zote mbili, na nyuma kulikuwa na kifungu cha nne cha rasimu yangu, chenye masahihisho ya mkono wangu. Nilikuwa nimembambikia mtu usaliti kwa karatasi iliyotumika upande mmoja. Mkurugenzi alisoma upande wa mbele. Mama aligeuza, akajua siku ya kwanza kabisa, na kwa kugeuza kule ndipo akapata wazo la kugeuza na vibali.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza wiki tano mapokezi, na miaka yote hii. Alikuwa akifunga chupa, hakuinua kichwa. "Ungefukuzwa, na jalada la Saba lilikuhitaji. Nikasema nikupe wiki, utakuja mwenyewe." Akapuliza mshumaa. "Umechukua miaka kumi na moja, baba. Na jina la Chapuchapu tukampa mtu mwingine."

Kwa hiyo, afisa utumishi, lalamiko lile ni langu. Ni la uongo tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nalifuta leo, mbele ya wafanyakazi wote na matawi yote, na naomba mstari ule utoke kwenye cheti kabla ya Ijumaa. Adhabu yangu ipangwe kwa wakati wake, sitabishana nayo.

Mama, umetufundisha kwamba kuchunga si kumchukia mtu. Ulimshuku kila mmoja wetu kwa usawa, mkubwa na mdogo, na hukumwonea hata mmoja. Sisi tuliokushuku hatukuweza hivyo. Ahsante kwa chupa, kwa kokoto, kwa sukari. Nisamehe. Ofisi imenunua mizani mpya ya stoo, na ile ya zamani itaondoka nawe Ijumaa, irudi kwa mwoka mikate baada ya wiki moja iliyochukua miaka thelathini na miwili. Uwe na siku nyingi za afya na usingizi wa mchana, na mikate ya mzee ifanane tena.

Nakala ya kwanza ya wasifu huu nimempelekea yeye kabla ya mhariri. Nimetia sahihi yangu kwa penseli, isikimbie ikilowa. Karatasi ni mpya, nyuma hakuna kitu. Najua ataigeuza.

Wakili, chumba cha nne